Mzigo Mzito Upite Pembeni

Ofisi nyingi za Tabora hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na ikifika saa tatu watu wameshajaa barazani. Hapo ndipo mtandao wa ofisi huelemewa. Mhasibu anafungua jalada la malipo, skrini inaganda. Karani wa masjala anasubiri barua ya kurasa mbili ifunguke, anakwenda kunywa chai, anarudi, bado. Mzee aliyetoka Sikonge na basi la alfajiri anaambiwa mtandao uko chini, asubiri kidogo.

Mtandao hauko chini, umejaa. Kilichoujaza ni bekapu, yaani nakala ya data zote za ofisi inayohamishwa kutoka kifaa kimoja cha kuhifadhia kwenda kingine. Ilipangwa ianze saa nne usiku na iishe kabla ya alfajiri. Umeme ukakatika usiku wa manane, ukarudi saa kumi na moja, kazi ikaanza upya, na sasa mzigo wa usiku unapita mchana kwenye kebo ileile anayoitegemea mhasibu. Hakuna kilichoharibika. Kila kifaa kinafanya kazi kiliyoagizwa, ila vyote vinaifanya mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Wapo mafundi wanaojua kuuhamisha mzigo huo ukapita njia nyingine, na wakimaliza, mhasibu hajui kama bekapu inaendelea au imekwisha. Nimewatazama wakifanya kazi hiyo, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoiheshimu zaidi. Vifaa vyake ni vichache na bei yake ni ndogo. Inachodai ni akili iliyotulia na moyo usioridhika na taa inayowaka.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mafundi wanakiita NAS: kisanduku chenye diski mbili, nne au zaidi, kilichounganishwa na mtandao ili kompyuta zote za ofisi ziweke na kuchukua majalada humo. Ofisi inayojali kumbukumbu zake huwa na viwili, cha kazi za kila siku na cha kupokea nakala. Nyuma ya visanduku vingi vya aina hii kuna poti mbili za kebo. Ya kwanza ina kebo inayokwenda kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo zote za ofisi. Ya pili, katika ofisi nyingi nilizopita, ina vumbi tu.

Poti moja ya gigabiti hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde, ambazo kwa hesabu ya karatasi ni megabaiti 125. Ukitoa gharama za safari yenyewe, fundi hushukuru akipata 110. Kwa mwendo huo terabaiti moja huchukua saa mbili na nusu, na hapo ni kama diski zinaweza kusoma kwa kasi hiyo. Majalada ya ofisi za kwetu mengi ni barua, risiti na fomu zilizoskaniwa, maelfu kwa maelfu ya vipande vidogo, na vipande vidogo huchosha diski kuliko jalada moja kubwa. Kwa hiyo saa mbili na nusu huweza kuwa sita au nane. Muda wote huo bekapu haina adabu ya kumpisha mtu. Ikipewa njia nzima itaichukua nzima.

Ziko dawa za haraka, na sizidharau. Unaweza kusogeza ratiba. Unaweza kuiamuru bekapu isizidi kasi fulani. Unaweza kutumia programu inayopeleka mabadiliko tu badala ya kila kitu. Rsync, waliyoitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras kule Australia mwaka 1996, bado ndiyo tegemeo la mafundi wengi kwa kazi hiyo, kwa sababu hulinganisha jalada la huku na la kule, kisha husafirisha vipande vilivyobadilika peke yake. Lakini ratiba huvunjwa na umeme. Kasi ikipunguzwa, bekapu haimalizi. Na iko siku moja ambayo hakuna cha kupunguza, siku ambayo diski za kifaa cha kwanza zimekufa na data zote zinarudi kutoka kifaa cha pili. Siku hiyo haitakuja usiku wa Jumapili. Itakuja saa nne asubuhi, mwisho wa mwezi, watu wakiwa barazani.

Fundi niliyemtazama kwa karibu zaidi ni kijana wa hapahapa Tabora, mwenye daftari la mistari na kalamu mbili za rangi. Hakuanza na kebo. Alianza kwa kuchora. Kisanduku cha kwanza, kisanduku cha pili, swichi, ruta ya kwenda intaneti, kompyuta za ofisi. Kwa kalamu ya buluu akachora njia zilizopo. Kwa nyekundu akachora mstari mmoja tu, kutoka poti ya pili ya kisanduku hiki hadi poti ya pili ya kile. Kisha akakaa akiutazama mchoro wake kwa muda ambao mwenye ofisi aliona ni wa kupoteza. Haukuwa wa kupoteza. Alikuwa anajiuliza swali ambalo ndilo moyo wa kazi yote: kifaa kitajuaje kwamba mzigo huu upite huku na si kule?

Jibu liko kwenye anwani. Kifaa hakijui maana ya bekapu, wala hakijui lipi la haraka na lipi la kusubiri. Kinachofanya ni kusoma anwani ya mahali pakiti, yaani kipande cha data, inapokwenda, kisha kutazama jedwali lake la njia na kuuliza poti ipi inafika huko. Ofisi ile ilikuwa ikitumia anwani zinazoanza na 192.168.1. Fundi akazipa poti za pili anwani za kundi lingine kabisa: 10.10.10.1 kwa kisanduku cha kwanza, 10.10.10.2 kwa cha pili. Makundi hayo mawili yote ni ya matumizi ya ndani, yaliyotengwa rasmi ili ofisi yoyote duniani iyatumie bila kumwomba mtu ruhusa.

Kosa la kawaida liko hapahapa, na ni kosa linalofanana sana na kazi nzuri. Mtu huchukua poti ya pili akaipa anwani ya kundi lilelile la kwanza, tuseme 192.168.1.21 pembeni ya 192.168.1.20. Anachomeka kebo, taa ya kijani inawaka, anaondoka amefurahi. Kifaa sasa kinaona njia mbili zinazokwenda mahali palepale, kinachagua moja kwa kanuni zake chenyewe, na mara nyingi huchagua ileile ya zamani. Kebo mpya ipo, imechomekwa, imelipiwa, na mzigo wote unaendelea kupita ulikokuwa ukipita. Ofisi ikiendelea kuganda, lawama inakwenda kwa kampuni ya intaneti, ambayo haihusiki na chochote kinachotokea kati ya visanduku viwili vilivyomo chumba kimoja.

Jambo la pili ni nafasi anayoiacha wazi. Kila kifaa kinapopewa anwani huulizwa pia getiwei yake, yaani mahali pa kupeleka kila kitu kisichojulikana njia yake. Kwenye poti ya kwanza getiwei ni ruta ya ofisi. Kwenye poti ya pili kijana yule aliacha patupu. Mwenye ofisi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alidhani amesahau, akamwonyesha kwa kidole. "Hapo hapajazwi, mzee," alisema, akaendelea. Njia ya pili ina mwisho mmoja tu, kisanduku cha pili, na baada ya hapo haiendi popote. Ukiiwekea getiwei, kifaa kitakuwa na milango miwili ya kutokea nje, na majibu ya kwenda Dar es Salaam yanaweza kujaribu kutokea kwenye kebo inayoishia ukutani. Katika kazi nyingi za ufundi, sehemu iliyoachwa tupu ni dalili ya uzembe. Katika hii ni dalili ya kuelewa.

Jambo la tatu ndilo linalowaponyoka hata wenye uzoefu. Kazi ya bekapu ilikuwa imeandikwa kwa jina, ipeleke nakala kwenye kifaa kiitwacho stoo2. Jina hilo, ukiuliza mtandao, linakujibu anwani ya zamani. Unaweza kuwa na kebo mpya, anwani sahihi na jedwali la njia safi, na bekapu ikaendelea kupita njia ya ofisi kwa sababu tu iliambiwa jina ambalo linaelekeza huko. Fundi angeweza kuandika namba, 10.10.10.2, na yakaisha. Yeye alipenda jina. Akaingia kwenye orodha ya majina ya ndani ya kisanduku cha kwanza, akaongeza mstari mmoja, stoo2-bekapu, ukielekeza kwenye anwani mpya, kisha akaibadilisha kazi ya bekapu itumie jina hilo. Nilimuuliza kwa nini ajipe kazi ya ziada. Akasema atakayekuja baada yake atasoma jina na kuelewa, lakini namba tupu itamfanya aifute.

Kebo yenyewe ilikuwa kitu cha mwisho na chepesi kuliko vyote. Kisanduku kwa kisanduku, moja kwa moja, bila swichi katikati. Zamani ilihitajika kebo maalumu iliyopindishwa nyaya zake, lakini poti za gigabiti za siku hizi hujirekebisha zenyewe, kebo ya kawaida inatosha. Ni pale visanduku vinapokuwa katika majengo tofauti, kama inavyopaswa kuwa, ndipo kebo inakuwa na neno. Waya wa shaba wa mtandao una ukomo wa mita 100. Na Tabora ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua za radi, ambazo waya wa shaba uliotandazwa kutoka jengo hadi jengo huzikaribisha ndani. Nyuzi za kioo hazipitishi umeme. Nimesikia watu wakibishana kuhusu gharama yake. Mimi nasema kwa mji huu mjadala huo usifunguliwe: jengo kwa jengo, iwe nyuzi za kioo.

Mji huu una haki yake ya kuitazama kazi hii kwa jicho la mwenyeji. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo na kukatiza Ugogo ilifika Unyanyembe, yaani eneo ilipo Tabora, na hapo njia ikagawanyika: ya magharibi kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo zipatazo 30 begani au kichwani, vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba zikiingia bara, pembe za ndovu zikitoka. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma 1914, kisha tawi la Mwanza likakamilika 1928, Tabora ikabaki palepale, mahali ambapo mtu lazima aamue mzigo upi uende njia ipi.

Mwaka 1871 uamuzi huo uliwatoa watu jasho. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mpelelezi Livingstone, alikuwa ameondoka pwani akiwa amegawa mizigo yake katika misafara mitano iliyopishana siku, badala ya kuisukuma yote kwa mkupuo mmoja. Alifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwezi wa Juni, akakuta njia ya Ujiji imefungwa. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, na njia ya karibu ilipita katika nchi yake. Mwezi wa Agosti Waarabu wakajaribu kuifungua kwa nguvu, Stanley akiwa pamoja nao, wakashindwa. Mwezi wa Septemba msafara ukaondoka kwa njia nyingine: kusini hadi Ukonongo, kisha ukapinda kurudi kaskazini-magharibi kupitia Uvinza. Ilikuwa ndefu na ilipita mahali penye taabu ya chakula, lakini ilikwepa msongamano wote wa vita. Kwa tarehe za Stanley mwenyewe, waliingia Ujiji tarehe 10 Novemba. Vitabu vinampa sifa yeye. Mimi sifa ninazipeleka kwa Sidi Mubarak Bombay, nahodha wa msafara, na kwa wapagazi na viongozi wa njia waliojua wapi pana maji na kijiji gani kitauza unga. Njia ya pili haichorwi na anayetaka kufika, inachorwa na anayeijua nchi.

Lakini kisa cha Ujiji ninachokipenda zaidi kwa ajili ya mafundi wetu si cha msafara uliofika. Ni cha mzigo uliotangulia. Livingstone alikuwa ametumiwa bidhaa kutoka pwani ziwekwe Ujiji zimsubiri. Zilisafiri njia yote hiyo, zikafika zikiwa mikononi mwa mtu aliyekabidhiwa azitunze. Mwezi wa Oktoba 1871 Livingstone alirudi kutoka Manyema, mgonjwa, akizitegemea hizo tu, akakuta aliyekabidhiwa ameshaziuza. Mzigo ulikuwa umefika. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama, kabla ya siku ya shida, kama kilichopelekwa bado kipo na kinatolewa.

Ndiyo maana sehemu ya kazi inayonifanya nimvulie kofia kijana yule ni ile iliyoanza baada ya kazi kuonekana imekwisha. Kebo imechomekwa, taa zinawaka, ping, yaani pakiti ya kujaribu kama kifaa kinafikika, inajibu. Wengine hapo hufunga begi. Yeye alifungua ukurasa unaoonyesha kila poti imepitisha data kiasi gani tangu kifaa kiwashwe, akaandika namba hizo kwenye daftari, poti ya kwanza na ya pili, kwa kila kisanduku. Kisha akapeleka jalada la majaribio la gigabaiti 10. Dakika moja na nusu hivi. Akarudi kwenye ukurasa ule na kuandika tena. Poti ya pili ilikuwa imeongezeka kwa gigabaiti 10 na chembe, ya kwanza kwa megabaiti chache za shughuli za ofisi. Akazizungushia duara.

Baada ya hapo akaenda kwa mhasibu.

"Shikamoo, mama. Naomba ufungue lile jalada kubwa unalolitumia kila siku."

"Marahaba, mwanangu. Lile la mishahara?"

"Hilohilo. Lifunge, ulifungue tena. Kisha endelea na kazi zako kama kawaida."

Mama akafungua, akafunga, akafungua, akaanza kujaza safu zake. Baada ya kitambo akageuka. "Sasa hiyo bekapu yako unaianza saa ngapi, nijue niache kazi?"

"Ina dakika ishirini sasa, mama."

Kwa mwenye kutaka ushindi hapo ndipo pa kuishia, lakini fundi hakuishia hapo. Alirudi chumbani, bekapu ikiwa katikati, akachomoa kebo mpya kwa mkono wake. Mwenye ofisi alishtuka. Fundi alikuwa anatazama skrini, akisubiri kazi ishindwe. Ikashindwa, ikaandika kosa, ikatuma taarifa. Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kama kazi ingeendelea, maana yake ingekuwa imehamia njia ya ofisi kimyakimya, na siku moja kebo ikikatwa na panya, mtandao ungejaa tena bila mtu kujua sababu. Alitaka bekapu ikikosa njia yake isimame na kupiga kelele. Jaribio ambalo kufaulu kwake ni kushindwa linahitaji mtu aliyefikiri hatua mbili mbele, na nimeona wachache wakilifanya.

Kisha akachomeka kebo, akaacha kazi iendelee, na mwisho kabisa akachukua majalada matatu kutoka kisanduku cha pili, moja la mwaka huu na mawili ya zamani, akayarudisha kwenye folda mpya upande wa kwanza na kumwita karani ayafungue. Yakafunguka. Ujiji ya 1871 ingemhitaji mtu kama huyu.

Kuna mambo aliyokataa kuyafanya, na katika kukataa nako kuna ufundi. Mwenye ofisi alikuwa amesikia kwamba poti mbili zinaweza kuunganishwa zikawa njia moja pana. Zinaweza, swichi ikikubali. Lakini kuhamisha jalada kutoka kifaa kimoja kwenda kingine kwa mkondo mmoja hubaki kwenye kebo moja hata ukiunganisha nne, na zaidi ya hapo unakuwa umewarudisha bekapu na mhasibu kwenye njia moja uliyotaka kuwatenganisha. Kisha lipo suala la fremu kubwa. Kwa kawaida kila fremu, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo, hubeba baiti 1,500. Vifaa vingi vinaweza kukubaliana kubeba 9,000 na kupunguza kazi ya kufungasha na kufungua. Akajaribu kwa ping ya baiti 8,972, kwa kuwa 28 zinazobaki huchukuliwa na anwani na vichwa vya pakiti. Ikapita. Akapima bekapu kwa 9,000, akapima kwa 1,500, akaona tofauti ni ndogo, akarudisha 1,500. Sababu yake ilinipendeza: siku mtu akiweka swichi katikati ambayo haikubali fremu kubwa, pakiti ndogo za majaribio zitapita vizuri na mizigo mikubwa itakwama, na mtu huyo atahangaika siku tatu akitafuta kosa ambalo haliko anakolitafuta.

Pia hakumdanganya mteja. Alimweleza kwamba njia ya pili inaondoa msongamano kwenye kebo, haiondoi kazi kwenye diski. Bekapu bado inazisoma diski zilezile anazozisoma mhasibu, na kama diski ni nzee, ofisi itaona uzito kidogo hata kebo zikiwa kumi. Akaeleza pia kwamba visanduku viwili katika chumba kimoja ni nakala mbili mbele ya moto mmoja, na kwamba ofisi itafute chumba katika jengo lingine kabla ya masika. Ofisi ikaahidi.

Ningependa wenye ofisi waelewe pia kwamba njia ya pili si lazima iwe njia ya dharura. Ni mambo mawili tofauti na yanachanganywa sana. Tarehe 12 Mei 2024 sehemu kubwa ya Tanzania ilikosa intaneti au ikaipata kwa shida, baada ya hitilafu kwenye nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nyaya zilikuwa mbili, hitilafu zikaja pamoja. Anayetaka njia ya dharura lazima aulize njia zake zinakutana wapi: swichi moja, bomba moja, mtaro mmoja, chanzo kimoja cha umeme. Anayetaka kutenganisha mizigo anauliza swali jingine, nani anamsukuma nani. Kijana wetu alijibu swali la pili, na alisema wazi kwamba la kwanza hajalijibu.

Kabla ya kuondoka alifunga lebo kwenye ncha zote mbili za kebo, kwa kalamu ya wino usiofutika: BEKAPU TU, USICHOMOE. Chini yake tarehe. Mchoro wake wa buluu na nyekundu akautolea nakala, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la vifaa, pamoja na anwani nne, jina lile alilolitunga, na mstari mmoja unaosema poti ya pili haina getiwei kwa makusudi. Maneno hayo mawili ya mwisho yana thamani kubwa, kwa sababu fundi anayefuata akikuta nafasi tupu, mkono utamwasha kuijaza.

Kazi yote ilichukua chini ya siku moja. Katika muda huo kuweka kebo na anwani kulichukua nusu saa, na kilichobaki kilikuwa kuchora, kupima, kuchomoa, kurejesha na kuandika. Mwenye ofisi alipoletewa ankara aliona gharama ya kebo moja na akauliza kwa nini fundi alipwe siku nzima. Swali hilo ninaulizwa mara nyingi na watu waungwana kabisa, wenye nia njema, hapa Tabora na kwingineko, na jibu langu ni ombi. Ukimwita fundi wa mtandao, mlipe saa za kujaribu kama unavyomlipa saa za kufunga. Mpe ruhusa ya kuichomoa kebo mbele yako. Na akikuomba uchague majalada matatu ya zamani ayarudishe ukiwa unatazama, usimwambie una haraka. Vuta kiti, ukae, myafungue pamoja.